Ngazi Iliyopita Sebuleni Kwangu

Asubuhi nyingi mwaka ule, kabla chai haijachemka, nilikuwa napanda juu ya slabu ya nyumba yangu kuzitazama nondo. Nilizishika moja moja, nikazitikisa, nikaangalia kutu imefika wapi. Huku kwetu Nyamira mvua haimuulizi mtu. Ikifika alasiri inanyesha, na nondo iliyo wazi inatiririsha wekundu juu ya zege hadi ukutani. Nilizipaka uji wa simiti, nikazivika vipande vya magunia, na bado sikutulia. Nondo zikiachwa zimesimama juu ya nyumba, maana yake ni moja: mwenyewe anasema bado naja, sijamaliza. Zikikaa sana, watu wanaanza kusema aliyemalizika ni yeye.

Mimi ni mtu wa mjengo. Shule nilifika darasa la tatu, nikatoka, na sikulia. Nilianza kwa kubeba kokoto kwa karai. Nikachanganya zege. Nikajifunza kufunga nondo kwa kumtazama fundi mikononi, maana yeye hakuwa mtu wa kueleza, alikuwa mtu wa kutukana. Nikawa fundi, nikawa msimamizi wa mafundi, kisha nikawa mtu wa kuitwa. Mjini Kisii kuna majengo yanayoitazama barabara kuu kwa kiburi, na misingi yake niliimwaga mimi. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wenye majengo hayo wakizungumza hawanitaji.

Tatizo langu halikuwa simiti. Tatizo lilikuwa ardhi. Babu yangu alikuwa na upande mzima wa mlima. Baba alipata kipande, mimi nikapata kipande cha kipande. Wanangu wakubwa wamekwisha kujenga kwenye sehemu zao, na sasa kilichobaki ni boma langu na chai inayoshuka kutoka hapo hadi mtoni. Kitindamimba wangu, ambaye kwetu ndiye hubaki na wazazi, alikuwa amepanga nyumba ya mbao karibu na soko la Ekerenyo, yeye na mkewe. Kumjengea kando maana yake ni kung'oa chai. Nami chai ile niliipanda mwenyewe. Kwa hiyo nikaamua: hatung'oi kitu, tunaenda juu. Mimi na mama yao chini, wao ghorofani. Nikaangusha nyumba ya zamani, nikajenga ya mawe, nikamwaga slabu nzito inayoweza kubeba kanisa, nikaacha nondo.

Halafu kijana akaanza visababu. Kwanza tungoje mvua ipungue. Kisha tungoje shule zifungwe. Kisha nikasikia kwa watu, si kwake, kwamba anaulizia ploti upande wa Nakuru.

Hebu fikiria. Umejenga maisha yako yote, umejengea watu usiowajua, na mwisho unabaki wewe na bibi yako chini ya slabu tupu, mwanao amehamia kwa watu wengine kwa sababu ambayo hakuambii. Sikuweza kukaa. Nikiketi naamka. Nikienda kwenye chai narudi kabla sijafika mwisho wa mstari. Bibi yangu akaniambia, "Wewe mzee, kama una mchwa kwenye kiti sema tukichome."

Siku moja kijana akaja nyumbani, akasimama mlangoni akijipangusa matope miguuni.

"Tata," akasema. Kwetu tata ndiyo baba. "Mwalimu anauliza kama unaweza kuja shuleni."

Mwalimu ni mke wake. Anafundisha somo la ufundi katika shule moja pale juu ya Ekerenyo.

"Nije kufanya nini? Kuna ukuta umeanguka?"

"Kufundisha. Gredi ya Tisa wanasoma habari za majengo marefu. Yale ya ghorofa mia. Anataka mtu anayejua zege."

"Mimi sijajenga ghorofa mia."

"Anajua."

"Refu langu kabisa lilikuwa ghorofa sita."

"Amesema sita zinatosha kuanzia."

Ukishangaa kwa nini hakuja kuniomba mwenyewe, basi wewe si wa huku. Sisi Abagusii tuna jambo tunaloliita chinsoni. Ni heshima, lakini ni heshima iliyochanganyika na haya. Mkaza mwana hakai karibu na baba mkwe, hazungumzi naye ovyo, hapiti mbele ya mlango wa chumba chake cha kulala. Na baba naye haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haingii, hata kama inaungua atasimama nje apige kelele. Mke wa kijana wangu nilikuwa nimemjua kwa miaka, na nikijumlisha maneno tuliyowahi kuambiana hayajazi kikombe. "Umeamkaje, Tata." "Nimeamka vizuri." Basi.

Nilikubali. Nilijifanya nimekubali kwa shingo upande, lakini kijana alipoondoka nilikuwa tayari natafuta timazi yangu ya kupimia kuta chini ya kitanda.

Wiki ile sikulima. Nilitazama video za majengo marefu kwenye simu hadi bibi yangu akalalamika kwamba nyumba imejaa sauti za Wachina. Nikaona wanavyotoboa ardhi kwenda chini kutafuta mwamba, wakashindilia nguzo ndefu kuliko jengo lolote la kwetu, na hapo bado hawajaweka hata tofali moja. Nikaona minara miwili mirefu imeunganishwa na daraja huko juu angani. Nikaisimamisha hiyo, nikairudia tena na tena, maana kuna kitu kwenye mwisho wa daraja lile sikukielewa.

Nikaenda hadi mjini Kisii kuyatazama ya kwetu kwa macho mapya. Nilipofika Daraja Mbili nikasimama katikati ya soko, nimeinua kichwa, nahesabu nguzo za jengo lililo ng'ambo. Mama mmoja wa ndizi akaniita.

"Omogaka, mzee wangu, shingo itavunjika! Nani amekutoroka huko juu?"

"Sijatorokwa. Naangalia walivyomaliza."

"Ndizi ziko chini huku. Huko juu hakuna kitu, ni wapangaji tu na nguo zao."

Wenzake wakacheka. Nilinunua mkungu nisiouhitaji, nikaondoka.

Siku ya somo nilivaa koti. Darasa lilijaa hadi madirishani na lilinuka chaki na sweta zilizonyeshewa. Mwalimu mkuu akanitambulisha, akasema leo tumepata bahati ya kutembelewa na mhandisi.

Nikamkatiza. "Mimi si mhandisi. Mhandisi ana karatasi. Mimi nina majengo."

Walipiga makofi. Mke wa mwanangu alikuwa amesimama karibu na ubao, mbali nami kama inavyotakiwa, ameshika kitabu kifuani. Akasema, "Karibu, Mzee." Hakusema Tata. Niliona hilo. Wanafunzi nao walijua sisi ni nani, huku kila mtu anamjua mwenzake, na wasichana wa mbele walikuwa wameziba midomo.

Nikaanza na chaki. Nikaisimamisha mezani, nikaiwekea kitabu kichwani, kisha cha pili, kisha kamusi. Ikasimama. Nikachukua nyingine, nikailaza juu ya vitabu viwili kama daraja, nikaibonyeza katikati kwa kidole kimoja. Ikakatika.

"Zege ni hivyo hivyo," nikawaambia. "Ukilitwisha mzigo linavumilia. Ukilikunja linavunjika. Nondo yenyewe haikatiki ukiivuta. Ukiviweka pamoja, kimoja kinabeba, kingine kinakataa kukunjika. Hayo maghorofa ya mia yanayowashangaza ni hiyo ndoa tu."

"Mzee, na nani bwana?" mvulana akauliza kutoka nyuma.

"Zege ndiye bwana. Ana kelele, ni mzito, na bila mwenzake hawezi kitu."

Wakacheka hadi mwalimu akagonga meza. Nami nikaona kwamba amecheka pia, lakini amegeukia dirisha.

Nikawatoa nje. Shule ile iko mteremkoni kama kila kitu cha kwetu, na kuna ngazi za udongo zinazoshuka hadi uwanjani. Nikawapanga mmoja kila ngazi, kila mtu na begi lake. Wa juu kabisa akampa begi wa chini yake. Huyo akampa wa tatu mabegi mawili. Wa tatu akampa wa nne matatu. Nilimweka chini kabisa mvulana mmoja mkubwa, mwenye mabega ya kucheza raga, ambaye alikuwa amejigamba sana. Mabegi yalipomfikia alibaki macho tu.

"Mzee, haya ni mateso!"

"Hapana. Hiyo ndiyo ghorofa ya chini. Watu wanasifu ya juu kwa sababu inaona mbali. Wewe ndiye unayewasimamisha wote. Panua miguu."

Akapanua.

"Umeona? Umejenga msingi."

Manyunyu yakaturudisha ndani. Hapo ndipo walipoanza kuuliza, na mimi mtoto akiuliza swali la kweli nampenda hata kama ni mtundu. Wakauliza kuhusu upepo. Nikawaambia kuanzia kimo fulani uzito si adui tena, adui ni upepo, na kwamba jengo refu likijengwa vizuri linayumba.

"Linayumba?" msichana mmoja akasimama kabisa. "Na watu wako ndani?"

"Na watu wako ndani, wanakunywa chai."

"Aki Mzee, si watatapika!"

"Likikataa kuyumba ndilo litakalovunjika. Angalieni mgomba."

Mwalimu akaongezea hapo. Akasema mengine yananing'iniziwa mzigo mkubwa karibu na kilele, tufe la chuma zito kama malori kadhaa, jengo likienda kushoto tufe linachelewa na kulivuta kulia. Sikuwa najua hilo. Nilimwambia mbele ya wote, "Hiyo nimeichukua." Nikaeleza na mimi kwa nini mengine huwa mapana chini na yanazidi kupungua kila yanavyopanda, yanarudi nyuma kama ngazi: upepo unapata mahali padogo pa kushika, na barabara inabaki na mwanga. Si lazima juu pawe sawa na chini. Nikaeleza lile daraja la minara miwili, maana kwa kulirudia nilikuwa nimekwisha kulielewa: halikufungwa kwa nguvu pande zote. Limelazwa. Kila mnara unayumba kwa wakati wake, na daraja linapewa nafasi ya kuteleza kidogo. Ukilifunga, litang'oka.

Nilikuwa najisikia vizuri. Naweza kusema nilikuwa najisikia vizuri kuliko siku nyingi.

Mwalimu akageukia ubao. Akachora mstari mmoja mrefu wa mlima, umeinama. Juu yake akachora nyumba. Sakafu ya chini, slabu, juu yake nondo fupi fupi zilizosimama. Akachora mlango wa mbele, akachora sebule. Ndani ya sebule, karibu na mlango wa chumba, akachora ngazi inayopanda juu. Hakunitazama.

"Wahandisi wangu," akawaambia wanafunzi. "Chini inakaa familia moja. Juu itakaa nyingine. Huyu wa juu asubuhi anatoka kuoga, anataka kwenda kazini. Atapita wapi?"

"Kwa ngazi," mmoja akajibu.

"Ngazi inamfikisha wapi?"

"Kwa sebule ya watu wa chini."

"Na kama watu wa chini ni wakwe zake?"

Darasa likalipuka. Mvulana wa mabega akasema, "Na taulo? Mbele ya baba mkwe? Mimi ningeruka dirisha!" Msichana aliyeuliza habari ya kutapika akasema hiyo si nyumba, hiyo ni jela. Wengine walikwisha kunitazama, wakajibanza.

Nilihisi koti limekuwa zito. Nilichukua timazi mezani, nikaizungusha uzi, nikairudisha, nikaichukua tena. Miguu yangu ilikuwa tayari imeelekea mlangoni. Niseme ukweli wa wakati ule: sikuona kwamba nimekosea kitu. Ngazi ile ilikuwa nzuri. Bado nasema ilikuwa nzuri. Kwenye nyumba zote za wakubwa nilizojenga, ngazi huwa ndani, sebuleni, mgeni akiingia anaiona kwanza na anajua amefika kwa mtu. Nilijengea watu wa mjini kwa miaka mingi hivi kwamba nilipofika kwangu nikajenga nyumba ya mtu wa mjini. Nilipiga hesabu ya uzito wa kila kitu. Haya haina uzito kwenye hesabu zetu.

Lakini hilo nalisema sasa. Pale nilikuwa nawaka tu. Nikajiuliza, kama alikuwa na neno si angeniambia? Na nilipomtazama pale ubaoni, mgongo umenyooka, chaki mkononi, nikajijibu mwenyewe: angekuambia wapi? Wapi duniani mkaza mwana angemwambia baba mkwe kwamba hawezi kupita na taulo mbele ya mlango wake? Palikuwa na pahali pamoja tu, hapa, ambapo yeye ni mwalimu na mimi ni mgeni. Ndiyo maana aliniita. Hawakuwa wanakimbilia Nakuru kwa kupenda Nakuru.

"Hiyo ni nyumba yangu," nikasema.

Nikairudisha timazi mezani.

"Endelea, Mwalimu. Umemaliza kuchora?"

Akaurudia ubao. Akaweka chaki kwenye kona moja ya ghorofa ya juu, ile iliyo juu ya chumba chetu cha kulala mimi na bibi yangu, akaitia msalaba. Pasijengwe kitu hapa. Kisha akasogea pembeni, akatazama sakafu. Mtu yeyote wa kwetu angeelewa. Mtoto wako na mkewe hawawezi kulala juu ya kichwa chako.

Nikautazama msalaba ule. Halafu nikavua koti.

"Haya, mainjinia," nikasema. "Nyumba ipo. Slabu imemwagwa, na mimi sibomoi slabu. Nisaidieni."

Mawazo yakaja kama mvua. Lifti. Kamba. Mzee ahamie juu. "Nikihamia juu si nitakuwa nimewalalia wao?" Wakapiga mayowe. Ngazi ya nje, mbele. Hiyo nikaifikiria, lakini mwalimu akasema taratibu kwamba bado itashukia uani, mbele ya mlango ule ule. Mvulana mmoja akapendekeza wajenge kwingine tu, na nikamwambia anionyeshe kwingine ni wapi.

Yule msichana wa kutapika alikuwa anautazama mstari wa mlima.

"Mzee, nyuma ya hiyo nyumba si kuna njia? Ile ya kwenda kisimani? Mimi hupita hapo na mtungi. Nikipita naona hizo nondo zako zikiwa hapa." Akaweka mkono kifuani. "Si juu. Hapa, sawa na mimi."

"Ndiyo," nikasema.

"Basi si uweke daraja? Kama lile la minara."

Nimekanyaga njia ile tangu nikiwa mtoto. Nimepanda slabu ile kila asubuhi na kuzishika nondo na kuipa njia mgongo.

Nilichukua chaki kutoka mezani, si mkononi mwa mwalimu, nikaenda ubaoni upande wangu. Nikachora daraja kutoka kwenye njia hadi kwenye slabu. Nikawaeleza kwamba upande wa nyumba tutalifunga, lakini upande wa mlima tutalilaza tu juu ya jiwe, maana udongo wetu mvua ikinyesha unavimba na kusogea, na nyumba haisogei nao. Liwe la chuma na mbao, jepesi, lisiusukume ukingo. Mwalimu akaandika maelezo yangu kwa mwandiko wake mzuri chini ya mchoro wangu mbaya. Ilikuwa mara ya kwanza mikono yetu kufanya kazi moja. Kengele ikalia, na hakuna aliyetoka.

Nyumbani nilimkuta bibi yangu anachambua majani ya mboga. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

"Kwani hukujua?" akasema.

"Wewe ulijua?"

"Kila mwanamke mlimani hapa anajua."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuambia hiyo ngazi iko mahali pabaya. Ukaniambia sijui ujenzi."

"Ulisema iko mahali pabaya, hukusema kwa nini."

"Nikuambie wewe kwa nini? Kwani wewe umezaliwa wapi?" Akatupa bua. "Kaa chini ule."

Sikukaa. Nilikwenda nyuma ya nyumba na kamba ya kupimia.

Kazi ilianza mvua zilipolegea. Tundu la ngazi nililiziba kwa zege. Ngazi yenyewe sikuibomoa, ni kazi yangu na ni nzuri. Inapanda hadi kwenye dari na kuishia hapo. Bibi yangu anaweka ndizi za kuivisha kwenye kila kidato, wageni wanaona ndizi kwanza. Wakicheka nawaacha wacheke.

Kilichonisumbua zaidi ni ile kona. Nondo za juu ya chumba chetu zilikuwa bado zimesimama. Kwa maisha yangu yote sijawahi kukata nondo ya mwanzo, ile inayoachwa isubiri nguzo. Nimezirefusha, nimezinyoosha, nimezifunga nyingine juu yake. Kuzikata ni kusema hapa sipandi tena. Nilipanda asubuhi moja na msumeno wa chuma, nikavua magunia, nikazitazama. Kijana alikuwa amekuja bila kuitwa, amevaa gambuti, anachanganya mchanga kule chini. Alinyanyua kichwa.

"Tata, nikusaidie?"

"Changanya mchanga wako."

Nilizikata mwenyewe. Nikafunika kona ile kwa mabati tu, mepesi, mvua iimbe juu yetu na si mtu. Kwingine nondo zilipanda, zikapata nguzo, zikapata kuta. Habari za Nakuru zikaacha kusemwa. Hakuna aliyenitangazia. Siku moja tu kijana aliniuliza dirisha la jikoni litazame upande gani, na mtu anayehama haulizi hilo.

Siku ya mwisho kabla hawajahamia, nilipita vyumba vyote vya juu peke yangu. Nikagonga kuta kwa kifundo cha kidole. Nikaweka timazi penye mlango, ikatulia. Nikafagia vumbi la simiti kuanzia chumba cha ndani hadi darajani, nikatoka nalo, nikavuta mlango. Sitaingia humo tena. Nimeijenga kila inchi na sitajua wameweka kiti wapi.

Walihamia Jumapili, kwa njia ya kisimani, watu wamebeba vitanda na sufuria kichwani. Mimi nilikuwa uani chini, naenda na kurudi. Nikasikia nyayo juu ya slabu. Nikatoka penye mlango nikaenda kwenye chai, nikarudi, nikaenda nyuma ya nyumba ambapo ukingo unaanza, nikasimama mahali ambapo ningeona mbao za daraja tu na si mlango. Mwalimu alikuwa ndio anafika upande wa mlima, beseni la vyombo kichwani, amesita na mguu mmoja hewani.

"Linayumba?" nikapaza sauti, huku natazama migomba.

Nikasikia mguu wake ukigusa ubao. Kisha sauti yake, ile ya darasani.

"Kidogo, Tata."

"Lazima liyumbe kidogo. Pita."

Akapita. Nikahesabu hatua zake hadi ziliponyamaza juu ya zege, nikarudi uani, nikaketi, nikaamka tena.